Pamba ya Duka la Dawa

Alhamisi

Yaani pamba ya duka la dawa! Hapa Shinyanga, wakulima wa pamba wamejaa kila kona, halafu watu wa filamu waliokuja kurekodi kiwandani kwetu wanaleta pamba ya kufungia vidonda.

Mimi niliwaletea gunia la pamba yetu kutoka kwa mjomba kule Tinde. Dairekta akaishika, akasema, "Dogo, hii chafu. Ina mbegu."

Sasa mashine ya kuchambua pamba inatoa nini kama siyo mbegu? Nikalisogeza gunia langu pembeni. Watu wakiwa wengi mdomo wangu unakuwa mzito.

Wakaishindilia ile nyeupe kwenye mashine ya zamani, hii ninayoipaka mafuta kila wiki tangu kiwanda kigeuzwe makumbusho. Vijana wanne wakaambiwa wavute mkanda ili izunguke. Niliona kabisa pamba itajiviringisha kwenye rola inayozunguka ndani, na ngozi iliyoifunika imeshakauka. Nikanyamaza. Wakavuta.

Ikalia kraa! Ndiyo nikapiga kelele, "Acheni, ngozi inachanika!"

"Heee, kumbe huyu anaongea!" akasema muigizaji wao. Wote wakacheka, mpaka na mimi nikacheka kijinga.

Imechanika upana wa kiganja. Ngozi ya hivyo haiuzwi tena popote.

Mama Neema, bosi wangu, akapiga simu jioni. "Wageni wameondoka salama, mwanangu?"

Nikasema salama, mama.

Kesho nawahi getini kabla hajaingia kuiona. Nitaanza kumwambia kwamba nilinyamaza, halafu ndiyo nitaje pamba yao.