Bafu Lako Limetoka Majini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi, kifungua mimba wako. Najua hutaitika, huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike hapa Ukunda, lakini ulinilea nisianze maneno bila salamu, na leo ninayo mengi.

Vuli haikunyesha, na masika yalipita juu juu. Bwawa lililomeza kijiji chetu limekauka hadi nguzo za msikiti zinaonekana, na mbuzi wanakula majani mle darasani nilimojifunza kuandika. Jumamosi nilipanda huko na mdogo wako, mama mdogo Mwanajuma, kuitazama nyumba yetu. Nyumba hakuna, Mama. Udongo umeyeyuka na fito zimeoza. Kilichosimama ni bafu lako la matofali peke yake, limejaa matope na konokono.

Nilicheka. Unalikumbuka? Nyumba ya udongo, bafu la matofali! Majirani walikutania kwamba unaoga kama mke wa sultani, halafu unalala kama wao. Baba alitaka kuanza na chumba cha wageni, ukakataa katakata. Na kila ulipomaliza kuoga ulibakisha kata moja ya maji, ukazunguka nyuma ya ukuta, ukaimwaga chini taratibu. Mimi niliyeyabeba maji hayo kichwani kutoka mtoni nilikasirika.

"Mama, unamwaga maji bure!"

"Si bure," ulisema, ukaingia ndani kuvaa.

Kisha zikaja siku za kuhama. Makaburi ya ukoo yaliorodheshwa, yakahamishwa kwa heshima, na sote tukafunga virago isipokuwa wewe. Ulikaa uani siku tatu, umeegemea ukuta wa bafu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na bado nilikupandishia sauti mbele ya watu: "Mama, unatutia aibu kwa ajili ya bafu?" Ulimgeukia afisa wa mradi wa bwawa.

"Baba, maji yatafika hapa?"

"Yatapita juu ya minazi, mama."

"Na hayatakauka?"

"Hayatakauka."

Ukainuka, ukajifunga leso, ukapanda lori. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Jumamosi mama mdogo hakucheka. Alivua viatu, akazunguka nyuma ya ukuta, akaniita.

"Njoo umwamkie kaka yako."

Alinieleza tukiwa tumechuchumaa pale. Mtoto wako wa kwanza hakulia alipozaliwa. Kwa kuwa hakulia, hakupewa jina wala hakutangazwa. Wanawake walimzika uani, penye ubaridi wa maji ya kuogea, na jambo likabaki la wanawake. Wanaume walioorodhesha makaburi hawakumjua, na wewe hukuweza kumtaja mbele yao. Bafu lile lilikuwa lake. Ulikubali kumwacha kwa sababu uliahidiwa maji.

Nisamehe, Mama. Maisha yangu yote nimejivunia kuwa kifungua mimba, nikadai paja la kuku na neno la mwisho, na sikuwahi kukaa nawe nikakuuliza kwa upole yale maji yalikuwa ya nani. Siku zile tatu uani ulikuwa ukimuaga mwanao, na mimi nilikuwa nakuharakisha kwa sababu ya lori. Hilo linaniuma kuliko yote.

Ardhi pale imepasuka. Tulikuwa na chupa moja tu ya maji ya kunywa, na jua lilikuwa la saa saba. Niliimimina yote nyuma ya ukuta, taratibu, kama ulivyokuwa ukifanya, na ardhi ikayanywa papo hapo. Tuliteremka hadi barabarani Mkongani makoo yamekauka. Mama mdogo, ambaye unajua hakosi la kulalamikia, hakulalamika.

Nitapanda tena Jumamosi hii, na zote zitakazofuata, mpaka mvua inyeshe na bwawa lijae. Yale maji uliyoahidiwa yamekauka, Mama, lakini mimi nipo, na kata nimeshaipata.

Mola akulaze pema, wewe na yeye.

Ni mimi,
mwanao wa pili