Ukarani Niliojipa Kanazi

Mke wangu, Mama Mugisha,

Unakumbuka harusi ya jirani yetu kule Tabora, tulipotengewa meza ya peke yetu karibu na jiko? Walisema ni heshima. Wengine wote walikuwa wakila pamoja kwenye masinia. Ukaitazama meza, ukawatazama maharusi, ukaninong'oneza, "Leo maharusi ni sisi." Nilipoanza kula mbiombio ili tuondoke, ukanigusa goti: "Taratibu. Wakikuona na haraka watadhani una aibu."

Watu hao hao, walipofiwa, walinifuata mochwari wakanishika mkono kwa mikono miwili. Niliwaosha wazee wao, nikawavisha, nikafunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Zikija harusi, mkono huo huo ulikwepwa. Miaka thelathini. Wewe ulijua kukaa kati yao kama mtu aliyealikwa kweli. Mimi nilikuwa nakaa tu.

Sasa nimerudi nyumbani Muleba, wewe nimekuacha katika udongo wa Tabora, na nimefanya jambo ambalo usingeniruhusu.

Mugisha anaoa Kanazi. Siku ya kwenda kujitambulisha, kabla hatujapanda gari, alinivuta pembeni. "Tata, wakiuliza kazi, sema ulikuwa ofisini, hospitali. Si uongo sana." Akaninyoosha kola ya koti bila kunitazama. Nikakubali.

Tulipokaa na mshenga wetu kumaliza maneno yake, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikapitishwa. Nilipochukua punje zangu, babu wa binti akanigeukia kwa adabu ya Kihaya.

"Waitu, huko Tabora ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Karani wa hospitali."

Wana wa babu walitazamana. Kisha babu akaitikia kwa kichwa, na kikapu kikaenda kwa shangazi wa binti. Akatia vidole pale pale nilipotia vyangu, akatafuna. Mama Mugisha, tendo hilo nimelitamani miaka thelathini. Lilipokuja, alitendewa karani, mtu ambaye hayupo.

Siku tatu nilijaribu kuwa karani. Ya nne nikapanda basi kwenda Kanazi bila kumwambia Mugisha, nikijua naweza kumvunjia mwanangu ndoa. Babu nilimkuta shambani akikata majani makavu ya migomba. Nikamwambia nikiwa nimesimama: nilikuwa mhudumu wa mochwari, nilidanganya.

Hakuacha kukata.

"Tulijua kabla hamjaja. Unadhani sisi tunatoa binti bila kuuliza? Mwalimu mmoja wa hapa aliwahi kuishi Tabora. Alitueleza yote."

"Na mkanyamaza?"

"Tulitaka kusikia kwako. Kazi yako tulikuwa tumeshaimeza, waitu. Uongo wako ndio uliotukwama kooni." Akafuta panga kwa jani. "Wanangu wanataka barua ya posa irudishwe. Mimi nimesema faini. Jumamosi utaleta rubisi, nzuri, si ile ya kuwauzia wapita njia. Utammiminia kila mmoja kwa mkono wako mwenyewe. Wakinywa, binti ni wenu. Wakikataa, mtarudi na barua yenu. Na mshenga wenu mwambie apunguze maneno, siku ile alituchosha."

Sikujua kama nicheke.

Jioni nilimweleza Mugisha. Alisimama akashika kitasa cha mlango, nikadhani ataondoka. Hatimaye akauliza, "Wako wangapi pale?" Akatoka kwenda kutafuta ndizi mbivu za kukamulia rubisi.

Leo ni Ijumaa. Madumu mawili ya rubisi yako mlangoni, na harufu yake imejaa nyumba. Mikono nimeinawa mara tatu tangu asubuhi, kisha nikajikemea, maana haina uchafu. Kama ungekuwepo ungeketi pembeni yangu kesho, nami ningejua niangalie wapi wakati namimina. Itabidi niwaangalie wao.

Sijui ni vikombe vingapi vitarudi kwangu vitupu. Lakini atakayekunywa, atakuwa amekunywa kutoka kwa mtu wa mochwari.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Mugisha