Mke wa Tano wa Shemeji

Jumapili, 3 Machi

Baba ameniita sebuleni baada ya mkutano wa asubuhi. Nikajua kuna jambo. Sebuleni sisi watoto hatuitwi, tunafagia tu. Mama zangu wote watatu walikuwa wameketi kwenye benchi kwa mpangilio wao — Mama Mkubwa karibu na mlango, mama yangu mzazi katikati, Mama Mdogo mwisho, mtoto kamlalia begani.

Baba akasema Mtunza Ghala ameleta posa. Ananitaka mimi. Kiongozi wa jumuiya yetu ameshabariki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Nikacheka. Kweli nilicheka. Mtunza Ghala ni shemeji yangu — mume wa Dada, dada yangu wa tumbo moja, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka siku alipoolewa. Nilidhani Baba ananitania. Juzi tu alimtania Mama Mdogo kwamba atamrudisha kwao kwa kuunguza maharage.

Hakuna aliyecheka nami. Mama alikuwa anaangalia viganja vyake.

Nina miaka kumi na sita. Shemeji ana mvi mpaka kwenye nyusi. Dada ni mke wake wa nne. Mimi nitakuwa wa tano.


Jumatatu, 4 Machi

Chumba cha kushonea. Cherehani yangu ni ile ya dirishani, yenye kanyagio linalolia. Leo nimekuta juu ya meza ya kukatia kuna gauni jeupe. Mama Mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wetu humu, alinizungushia futi kifuani, kiunoni, nyongani, akitaja namba kwa sauti kama anapima pazia. Kisha akanipa wembe. Fumua ubavuni, uongeze kitambaa. Hili kwako dogo.

Ni gauni la Dada. Nililijua kwa vifungo.

Nikalilaza mezani. Nikakizungushia kiuno chake viganja vyangu, vidole vikakaribia kukutana. Alikuwa mdogo hivi? Siku ile mimi niliona mtu mzima. Niliona dada mkubwa anaondoka, nikalilia kitanda kilichobaki kikubwa. Sikumlilia yeye.

Wanawake wakatania wee. Eti mimi sitalala njaa tena, nitalala na mwenye funguo za ghala. Wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Mmoja akasema mimi nina bahati, nakwenda kwa dada yangu, yeye alikwenda kwa wageni. Wakalichekea na hilo, lakini kidogo.

Nimefumua polepole. Uzi wa zamani hautoki kirahisi.


Jumatano, 6 Machi

Nimetoka kwa Dada. Sijui niandike vipi.

Anakaa chumba cha mwisho kwenye kile kibaraza kirefu nyuma ya ghala. Kitanda, beseni, kiti kimoja. Kile kitanda kidogo cha mtoto kimeshaondolewa, tangu mtoto alipofariki mwaka jana, lakini alama za miguu ya kitanda hicho bado ziko sakafuni. Dada hajaweka kitu pale.

Nilitaka tulie pamoja. Nilijua akisikia atapasuka. Nikamwambia, Dada, wanataka kunileta hapa, kwa mume wako.

Akasema, "Najua. Mimi ndiye niliyekuomba."

Nikasema nini?

Akasema mume wake alikuwa anataka kuongeza mke, hilo halikuwa na mjadala. Ndipo akamwambia, basi kama ni lazima, mchukue mdogo wangu. Alisema hivyo huku anakunja nguo. Hakuniangalia.

"Wenzangu wale hawaniongeleshi," akasema. "Tangu mtoto alipokufa wanasema nina mkosi. Nikiingia jikoni wanatoka. Siku nzima sisemi na mtu. Jioni nikijaribu kusema, sauti inakwama. Nilitaka mtu mmoja tu. Na mimi nina nani zaidi yako?"

Ningemkasirikia. Ningetaka sana kumkasirikia. Nilikaa kwenye kile kiti chake nikamsaidia kukunja zile nguo, na mashati ya Shemeji yalikuwamo.


Alhamisi, 7 Machi

Nimeshona foronya. Sina la kuandika.


Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia Baba sitaki.

Nilimfuata kwenye karakana anakochonga milango. Nilitaka awe peke yake, asione haya mbele ya wake zake. Nikasema Baba, nakuheshimu, lakini sitaki kuolewa na Shemeji. Wala sitaki kuolewa na mtu yeyote sasa hivi.

Hakuacha kupiga randa. Maranda yakawa yanaanguka juu ya miguu yangu. Akasema kwa upole kabisa, "Hukuulizwa, mwanangu. Umeambiwa."

Nikasema basi mbele ya mkutano, Kiongozi atakapouliza, nitasema sitaki.

Hapo akaacha randa. Nilidhani atanipiga. Akanitazama tu, macho yamemlegea, kama mtu aliyechoka ghafla. Akasema, "Unajua watamfanya nini mama yako?"

Jioni imetangazwa. Nisisemeshwe na mtu mpaka nitii.


Jumanne, 12 Machi

Nimenyamaziwa. Kumbe ndivyo anavyoishi Dada.

Mama ananiwekea sahani anaondoka. Chumba cha kushonea wananisukumia vitambaa bila neno. Nikisalimia wanainama, wanatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi.

Na mgao wa unga wa nyumba yetu umepungua. Si kwa Mama Mkubwa, si kwa Mama Mdogo. Kwa mama yangu tu. Shemeji kasema ghala limepwaya. Leo Mama amesema hana njaa, akakwangua sufuria, ukoko akampa mdogo wetu.

Mdogo wetu tunamwita Chiriku. Ana miaka mitano, hanyamazi hata usingizini. Yeye ndiye aliyepata njia. Anamshika paka, anamgeuzia uso wake, anamwambia: "Paka, mwambie dada chakula kiko mezani." "Paka, mwambie dada ana uzi kwenye nywele." "Paka, muulize dada mbona analia."

Nikamwambia paka, mwambie Chiriku silii, nina mafua.

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia. Akaingia ndani haraka, akakaa huko muda mrefu.


Alhamisi, 14 Machi

Muuguzi wa chanjo amekuja. Ni mtu wa nje pekee anayepita geti letu, kila baada ya miezi kadhaa, na kasha lake la barafu. Kwa kawaida Mama Mkubwa ndiye anayemshikia watoto. Leo mgongo umembana, akaniashiria mimi kwa kidole. Nadhani aliona hakuna hatari. Mtu asiyesemeshwa atamsemesha nani?

Nilimshika mtoto wa Mama Mdogo. Muuguzi akavuta dawa kwenye bomba. Nikasema, taratibu, mdomo kwenye nywele za mtoto: wananiozesha kwa mume wa dada yangu. Nina miaka kumi na sita. Sitaki.

Hakuinua macho. Akamfuta mtoto paja kwa pamba, akamchoma, mtoto akapiga ukelele. Ndani ya kelele hiyo akauliza, "Lini?"

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

"Nitarudi na watu. Usimwambie yeyote. Hata mama yako."

Kisha akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Mbembeleze huyo, homa itashuka kesho."

Nimeshona mshono mmoja mara tatu.


Ijumaa, 15 Machi

Nimemwambia Dada.

Alikuwa kwenye kamba, anaanika mashuka. Nikajipenyeza katikati ya mashuka mabichi, hatuonekani. Nilijua nimeonywa. Lakini niende, nimwache pale kwenye chumba chenye alama nne sakafuni? Nikamwambia wanakuja watu wa nje. Twende wote. Wewe umeshatimiza kumi na nane, hawawezi kukuzuia.

Alinishika uso kwa mikono yake ya maji, baridi. Akasema, "Umekonda." Ni mtu wa kwanza wa humu ndani kunisemesha tangu Jumamosi, ukimtoa paka.

Nikasema, Dada, utakuja?

Akasema, "Nenda kazini, wasikutafute. Tutaona."


Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi nimekuta mlango umefungwa kwa nje.

Ni stoo ya vitambaa, wamenihamishia usiku na godoro. Mama Mkubwa ameniambia kupitia mlango, kwa kuwa sasa inaruhusiwa kuniambia hili tu: harusi ni Jumatano hii. Gauni lipo tayari. Watu wa nje wakija watakuta mke wa mtu.

Nilimwambia mtu mmoja tu.


Jumapili, 17 Machi

Nimelia mpaka kichwa kinauma. Si kwa ajili ya Shemeji. Shemeji ni nani kwangu?

Tulikuwa tunalala mzungu wa nne, miguu yake kwenye mbavu zangu. Aliogopa radi. Mimi mdogo ndiye nilikuwa namwambia imeshapita, lala.


Jumanne, 19 Machi

Naandika ndani ya gari. Wameniambia nikae humu. Niandike upesi.

Wamekuja leo, kabla ya saa sita. Muuguzi, mama mmoja afisa wa ustawi, na polisi mmoja kijana aliyekuwa anajikuna shingo muda wote. Nilisikia sauti nje nikapiga mlango wa stoo kwa miguu. Nikapiga mpaka ukafunguliwa.

Uwanja mzima ulijaa watu. Kiongozi, Baba, Shemeji na funguo zake kiunoni. Afisa akauliza nina miaka mingapi. Baba akasema kumi na tisa. Nikasema kumi na sita. Shemeji akacheka, akasema binti ana kichaa kidogo, ndiyo maana amefungiwa, asijiumize.

Afisa akauliza, mama yake mzazi ni nani?

Mama alikuwa nyuma, kamshika Chiriku mkono. Wanawake wakaachana, akabaki yeye peke yake kati yao. Baba akamtazama. Sitausahau mtazamo huo. Haukuwa wa ukali. Alikuwa anamwomba.

Mama akasema, "Ana kumi na sita. Nilimzaa mimi, kwani baba yake alikuwepo?"

Mtu mmoja akacheka kwa bahati mbaya. Kisha hakuna aliyecheka.

Nikampita wakati wananipeleka garini. Nilidhani atanikumbatia. Akanitazama miguuni, akasema, "Unaondoka peku? Chiriku, mletee dada viatu." Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu waninyamazie. Chiriku akaleta viatu, viwili vya mguu wa kushoto, kimoja changu, kimoja cha Mama. Nimevivaa hivyo hivyo.

Afisa alimwambia Mama naye anaweza kuja, na mtoto. Mama akatikisa kichwa. Ana wengine wawili wadogo, wanaume wamewapeleka mashambani asubuhi. Hawezi kuondoka bila wao. Walijua hivyo walipowapeleka.

Sasa amekaa kwenye ngazi ya chumba cha kushonea, peke yake. Hakuna mtu karibu naye. Ameshaanza kunyamaziwa.

Dada amekuja. Amesimama nje ya dirisha langu.

Amesema, "Nilisema mimi."

Nimesema najua.

Amesema hakujua wataharakisha. Alidhani watafunga geti tu, nisiende.

Nimemwambia Dada, panda.

Afisa ameinama kutoka kiti cha mbele, amemwambia nafasi ipo, wewe ni mtu mzima, hakuna ruhusa ya kuomba. Shemeji anakuja kutoka kule ghalani. Hakimbii. Anatembea tu, anamwita kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, kama anamwitia chai.

Nimesogea. Nimeacha nafasi upande wa mlango. Nimeweka mkono wangu pale juu ya kiti aone.

Dereva amewasha gari.

Dada ameshika kitasa. Hafungui. Haachii. Vidole vyake vimekuwa vyeupe, nikimwambia panda, panda, ananitazama tu, na mdomo unajaribu kusema kitu, na sauti inakwama