Jina la Mkimbiza Kuku

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe mwenyewe niliwahi kukuona ukiamkia makaburi ya Wazungu kwa sauti kubwa, kofia mkononi, kwa hiyo sidhani kama utanicheka.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ukikuta sentensi imekaa vibaya, nivumilie. Ulipokuja kukaa nasi hapa Harrow nilikuwa na miaka kumi na tatu, nikielewa kila unachosema na kujibu kila kitu kwa Kiingereza. Wewe hukugomba. Uliweka kikombe chini, ukakunja mikono, ukasema, "Bibi, mimi nipo. Sina basi la kuwahi." Uliniita bibi kwa sababu nimepewa jina la marehemu bibi, Yudita, na kila nilipokosea ulidai hata yeye alikuwa hivyo hivyo. Miezi mitatu uliyokaa nasi ndiyo iliyonifungua mdomo, angalau nyumbani. Kwa wageni bado naongea na viatu vyangu, kama ulivyokuwa ukisema.

Nimemaliza shule, Babu, na kesho naanza kazi kwenye duka la dawa. Kabla ya kuanza kulikuwa na jambo moja la kumaliza, nalo lilihusu jina lako. Nataka ulisikie kutoka kwangu, maana nilikaribia sana kulitupa.

Hadithi ya jina hilo uliisimulia kwa kila mgeni aliyekanyaga sebule yetu, hata kwa fundi aliyekuja kutengeneza boila, ambaye hakujua Kiswahili. Mama yako alishikwa na uchungu barabarani, Njombe, mvua ikinyesha. Mzungu mmoja mpima ardhi akapita na gari, akampakia kumpeleka hospitali ya misheni, nawe ukazaliwa kwenye kiti cha nyuma kabla gari halijafika. Mama yako akamuuliza jina. Yeye, kama walivyokuwa wanaume wa kwao siku zile, hakutaja jina lake, alitaja la ukoo: Catchpole. Kwetu ni kawaida mtoto kupewa jina la aliyemsaidia mama yake, basi ukabatizwa Catchpole, na Mzungu akaenda zake kupima ardhi bila kujua amemwachia nani ukoo wake. Angesema "George" tu, mambo yangu yote yangekuwa rahisi.

Kisha ikaja desturi yetu nyingine, ya mtu kubeba jina lake na la baba yake, na pengine la babu yake. Baba akawa Amani Catchpole. Nami nikawa Yudita Amani Catchpole. Hapa Uingereza wakiona jina la mwisho wanajua ndilo la ukoo, hawaulizi. Kwa hiyo jina lilitoka huku likiwa la ukoo, likawa la mtoto mmoja kule Njombe, likarudi huku ndani ya pasipoti ya Baba likiwa la ukoo tena. Mlowe, jina la ukoo wetu wenyewe, hata ndege halikupanda.

Unakumbuka ile Jumamosi Baba alipofungua tovuti ya majina ya koo? Mtu anaandika jina, inamwonyesha lilikotoka na watu wangapi wanalo katika kila nchi.

"Tafuta langu," ulisema.

Uingereza ilikuwa juu kabisa, na kwenye ramani rangi ilikolea upande wa mashariki, mkoa wa Suffolk. Zikafuata Australia na Canada na nyingine. Baba akashuka, akashuka, mpaka chini kabisa ya orodha. Tanzania. Namba ilikuwa ndogo kiasi kwamba uliamua kuihakiki kwa vidole, ukiwataja wanao na wajukuu waliobaki nyumbani.

"Zakayo. Mke wa Zakayo... hapana, yule ana jina la baba yake. Tumaini. Watoto wa Zakayo, weka wote."

Ikatimia. Ukahesabu tena, uso ukabadilika.

"Mimi wameniweka wapi?"

Baba akakueleza kwa upole kwamba wanahesabu jina la mwisho tu, na kwako Catchpole ni la kwanza. Wewe upo kwenye ukurasa wa Mlowe.

"Yaani wamehesabu watoto, wakamruka mwenye jina?"

"Baba, hii ni kompyuta tu."

"Basi iandikieni barua."

Niliiandika, Babu, kwa Kiingereza changu chote cha darasani. Nilieleza kwamba babu yangu ndiye chanzo cha namba yao yote ya Tanzania na kwamba amesikitika. Hawakujibu. Sikukuambia, na wewe kila asubuhi uliuliza kama mtu wa posta amepita.

Wiki iliyofuata Baba akaomba ruhusa kazini, tukapanda treni kwenda Suffolk. Ulivaa lile koti zito tulilolinunua duka la mitumba ya hisani, ukasema baridi ya Njombe ni kali zaidi, na kila kituo ukakaza kola. Kwenye kanisa la kijiji tulikuta mawe ya makaburi yameinama kila upande, na juu yake jina lako. Catchpole huyu, Catchpole yule, mke mpendwa wa Catchpole. Ukavua kofia. "Shikamooni, wazee," ukasema. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, kwa sababu nyuma yetu alikuwa amesimama bibi mmoja wa Kiingereza na ndoo ya kumwagilia maua.

Alituuliza kama tumepotea. Baba akasema hapana, huyu hapa ni Bwana Catchpole. Bibi yule akakutazama, akalitazama jiwe, akakutazama tena. Ukatoa pasipoti mfukoni na kumwonyesha kwa kidole. Akasema yeye ameolewa na Catchpole. Niliponong'ona tafsiri, ulifungua mikono yote miwili.

"Shemeji!"

Sijui kama aliwahi kukumbatiwa hivyo mbele ya kanisa. Alicheka mpaka ndoo ikamwagika, kisha akatukaribisha kwake, chai na mikate ya mayai. Huko ndiko ulikouliza jina lako lina maana gani. Akaona haya kidogo. Akaeleza kwamba ni neno la zamani sana, lililokuja na watu kutoka Ufaransa, na maana yake ni mkimbiza kuku. Hao walikuwa watumishi wa mfalme waliokusanya kodi, na mkulima asipokuwa na kitu cha kulipa walikimbiza kuku wake uani na kuwachukua.

Wote mkanigeukia. Sikuwahi kutafsiri kitu kigumu kama kile. Nilikitafsiri nikiwa nimeangalia viatu vyangu. Ulirudisha mkate wa yai kwenye sahani, nikadhani umeumia.

"Muulize," ukasema, "mfalme aliwala kwa wali au kwa ugali?"

Ulicheka mpaka tumefika Harrow.

Mimi nilirudi na fahari, na fahari ndiyo iliyoniponza. Shuleni nilimweleza rafiki mmoja tu maana ya jina langu. Mmoja, Babu. Kufikia saa ya chakula darasa zima walijua. Kuanzia siku ile, mwalimu alipoita majina asubuhi na kufika kwangu, mtu fulani nyuma alitoa sauti ya kuku. Walikuwa stadi. Mmoja aliweza kutoa sauti ya kuku anayetaga. Nikawa naitikia kwa sauti ndogo ili yapite haraka, ikazidi kuwa ndogo, mpaka mwalimu mmoja akaniandika sikuhudhuria wakati nimekaa mbele yake.

Hukuambiwa haya. Ulikuwa umesharudi nyumbani, na kwenye simu nilisema shule ni nzuri. Mwaka jana ulipotutoka, nilikuwa bado nasema shule ni nzuri.

Mwaka huu nilipofikisha miaka kumi na minane, Baba Mdogo Festo alikuja kutoka Ilford na bahasha. Unamjua mwanao, hawezi kukaa chini kabla hajahutubia. Alisema anataka tuanze na vijana, kisha wazee tufuate, kila mmoja arudi kwenye jina la ukoo. Hatuwezi kutembea duniani na jina la mtu aliyekuwa akipita na gari.

"Na tena mkimbiza kuku!" akasema. "Mwanangu, wewe ni Mlowe. Kina Mlowe ni wafugaji wa kuku."

Mama aliunga mkono, kwa kuwa alikuwa ameziona siku nilizorudi shule nikijifungia chumbani. Baba alisema uamuzi ni wangu, akatoka kwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Nilikubali. Sitakudanganya. Nilikubali haraka kuliko Baba Mdogo alivyotegemea, kwa sababu niliwaza beji ya kazini na wateja watakaoisoma. Yudita Mlowe. Hakuna kuku ndani yake. Hati ya kubadili jina, ile iliyokuwa kwenye bahasha, ni karatasi moja tu, lakini lazima isainiwe mbele ya mashahidi wawili ambao si ndugu. Tukapanga Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Mama akaweka pilau ya kuku jikoni kwa ajili ya sherehe, nami nikaenda nyumba ya jirani tunayogawana nayo ukuta, kwa Mama Kokila.

Mama Kokila hujamsahau, wala hawezi kukusahau. Yule Mhindi aliyezaliwa Dar es Salaam, uliyekuwa ukienda kwake kila saa kumi kunywa chai na kubishana naye kama tangawizi imetosha. Nilimchagua kwa sababu kwake sioni haya, na kwa sababu mume wake husaini chochote alichosaini mkewe, hivyo mashahidi wawili nawapata kwenye kochi moja.

Akavaa miwani, akaishika karatasi, akanirudishia.

"Nisomee. Kwa Kiswahili. Mimi sisaini kitu sijakisikia."

"Mama Kokila, wewe unajua Kiingereza kuliko mimi."

"Kiingereza najua. Nataka kusikia wewe unasema nini."

Nikasoma. Lugha ya karatasi zile ni nzito, Babu. Nikatafsiri polepole: kwamba mimi, kuanzia leo, ninaliacha, ninalikana na kulitupa kabisa jina langu la zamani. Akauliza, "Jina gani?" Nikasema limeandikwa hapo. "Mimi nasikiliza, sisomi. Jina gani unakana?"

Nikafungua mdomo. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa Kiingereza ni jina la ukoo, na kwa Kiswahili ni wewe. Hakuna Catchpole mwingine ninayemjua. Wale wa Suffolk nimesoma mawe yao tu. Nilijaribu mara mbili: "Ninamkana..." Hata kiambishi kilikataa kubaki cha jina, kikawa cha mtu.

Mama Kokila akavua miwani.

"Catchpole si ndiye mzee wangu wa chai?"

"Ndiye."

"Sasa unamtupa kwa kalamu yangu? Sebuleni kwangu? Kiti chake kile pale!"

Mume wake akaiweka kalamu mezani taratibu, akasukuma sahani ya biskuti mbele yangu. Nililia kidogo. Kisha nikala biskuti nne, kwa sababu sikujua nitarudi vipi nyumbani.

Nilirudi. Baba Mdogo alikuwa amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mlowe!" akaniita.

Nimekuwa nikifikiri kwamba siku nitakayoongea kwa sauti itakuwa na maandalizi. Haikuwa nayo. Nilimtazama usoni, viatu nikavisahau.

"Hapana, Baba Mdogo. Sikusaini. Nimeshindwa kumkana Babu mbele ya watu. Kama wewe unaweza, kalamu ipo kwa Mama Kokila."

Mama akatoka jikoni na mwiko. Baba akaingia kutoka nje na kitambaa cha kuoshea gari, kinadondosha maji kwenye zulia, na hakuna aliyemwambia kitu. Baba Mdogo akasema nimeanza kuwa na mdomo. Akasema tutaongea. Akasema wazee wa Njombe watasikia. Halafu akasema pilau inanukia, tukae.

Unajua anavyoomba kabla ya chakula. Alisimama, akafumba macho, akaanza kama anavyoanza siku zote, kwa namna aliyojifunza mezani kwako: Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo. Baada ya Yakobo huwa anaongeza "na Mungu wa baba yetu", halafu anakutaja. Safari hii alifika hapo akasimama. Nilifumbua jicho moja. Na yeye alikuwa amefumbua moja, ananitazama. Kuku alikuwa anapoa. Nikaona anatafuta jina jingine la kukuita mbele za Mungu, na jasho linamtoka, na halipo.

"...na Mungu wa baba yetu Catchpole," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa.

Amina yangu ilisikika mpaka kwa Mama Kokila. Aligonga ukuta.

Pumzika, Babu. Naenda kupiga pasi shati la kazini.

Mjukuu wako,
Yudita