Habari Ambayo Sikuiandika

Elburgon, Jumanne, Julai 1956

Ukungu wa msitu wa Mau haujainuka tangu asubuhi, na unga wa mbao umeshika kwenye nguo zilizoanikwa. Shajara, leo nimeona aibu hata kukufungua.

Unajua kwamba mimi ndiye ninayewaandikia barua wanawake wa kambi ya kiwanda cha mbao, wale ambao waume zao wako kizuizini. Barua lazima iwe ya Kiswahili, ili maofisa waisome kwanza. Wao husema kwa Kikuyu, mimi nageuza. Mbele za watu sina kinywa, lakini kalamu ninayo, na nilijivunia hilo.

Mwezi wa nne Mama Wambui alinikalisha jikoni kwake. Binti yake, hata mwaka hajatimiza, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua. Baba yake hakupata kumwona. Alichukuliwa na askari kabla mtoto hajazaliwa. Mama Wambui alinieleza yote, hata rangi ya kitambaa alichomfungia siku ya kumzika. Niliandika salamu, mvua, mahindi. Nilipofika kwenye habari ya Wambui mwenyewe, nikaandika kwamba nyumbani wote hawajambo.

Kwetu mtoto hapeleki habari ya msiba. Hutumwa wazee. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini ni wazee gani wangeruhusiwa kupita lango la kizuizini?

Niliogopa tu.

Leo jibu limefika. Wanawake waliokuwa bombani walinitania nikipita, "Karani, leo umekunywa wino? Mbona uso umekuwa hivyo?" Nilikuwa nimeshaisoma njiani.

Mama Wambui alipangusa mikono, akaketi. Miezi mitatu amengoja kusikia mumewe naye anavyomlilia mtoto wao, maana hapa kambini amelia peke yake.

Barua iliuliza: "Mama yangu ameanza kutembea?" Wambui alipewa jina la nyanya yake, mama wa baba, kwa hiyo hata baba yake humwita mama. Aliandika kwamba amemchongea kijiko.

Sikuyasoma hayo. Nilitunga. "Mke wangu, usilie peke yako. Nami huku namlilia." Yalinitoka kama insha.

Mama Wambui alifumba macho. "Rudia hapo, mwanangu. Hapo anapomlilia."

Sikuyakumbuka vizuri. Nikasema mengine.

"Sivyo ulivyosema kwanza."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Nyokabi. Mume wangu anajua?"

"Hajui."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniamuru nisome neno kwa neno, nikasoma mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huko kwake Wambui bado anatembea," akasema.

Kisha akasimama, akachochea moto. "Kesho ukitoka shule, njoo. Nitasema mimi. Usiongeze, usipunguze."

Nimeyajaribu maneno hayo kwenye karatasi ya hesabu. Wambui amekufa. Ni mawili tu. Mwezi wa nne ningekuwa nimempelekea mtu habari ya msiba. Kesho nitamnyang'anya mtoto ambaye mimi ndiye niliyemwacha aishi naye miezi mitatu.

Na yeye hajui hata ni nani anayemwandikia. Barua zote huishia na jina la mkewe.

Je, nilitie langu chini yake, ajue wa kumlaumu?

Nitalitia.