Nilivyojisifu Katikati ya Wimbo wa Shemeji Yako

Mama Achieng' wangu,

Nakusalimu kutoka Ujerumani, huku ambako hata jua linavaa koti. Mimi ni mzima, ila moyo unachemka. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe ameacha kuruka ua?

Shemeji yako profesa atanimaliza. Mimi, ambaye nikigusa nyuzi nane za nyatiti hapo Rangwe watu wanaruka pikipiki kabla haijasimama, nimeketishwa nyuma ya fidla arobaini niupige wimbo aliotunga yeye. Siku ya kwanza nikamuuliza, "Wimbo unaanza lini?" Akasema, "Ulishaanza, kaka." Halafu, "Hapa unyamaze, uhesabu mpaka kumi na mbili." Niliacha shule darasa la saba ili yeye asome, kumbe alienda kusomea kunyamaza.

Nilijikaza, kwa sababu chuo kilikuwa bado hakijampa kazi ya kudumu. Jumanne wakubwa watatu walikuja kwenye mazoezi waamue kama atabaki kufundisha au atafunga masanduku.

Tukafika pale pa kunyamaza. Wewe unajua, nyatiti ikinyamaza lazima mtu asimame ajisifu, ndiyo pakruok. Nikangoja. Hakuna aliyesimama. Nikaona aibu kwa niaba yao. Basi nikaigonga nyatiti kwa ile pete ya kidole cha mguu, nikasema kwa Kijaluo, "Mimi Ochieng', mkwe wa Kehancha, mume wa Boke, ambaye ugali wake wa wimbi ungewanyamazisha nyote."

Shemeji yako akawa rangi ya majivu. Mkubwa mmoja, mama wa miwani, akamuuliza maneno hayo yako ukurasa gani. Yeye, ambaye tangu utoto hajaweza kudanganya hata kuhusu sukari, akajibu, "Wa tisa."

Jana alipata barua: kazi ni ya kudumu. Unadhani ameshukuru? Ameyaandika maneno yangu ukurasa wa tisa, neno kwa neno, na kunikataza kubadilisha hata moja. Nilitaka kumwongeza mama, na ng'ombe. Tumegombana mpaka chai ikapoa. "Kaka, wimbo umeshaenda kuchapishwa."

Msalimie mama, mwambie mtoto wake mdogo ni mkaidi lakini anakula vizuri. Achieng' aruhusiwe kuishika nyatiti yangu ya zamani. Baba yako kule Kehancha umwambie ametajwa Ulaya.

Nawe vumilia. Sasa yeyote atakayepiga wimbo huo, hata akiwa Mjapani, lazima aseme yeye ni mume wa Boke. Wakija usiwafungulie.

Ni mimi, yule wa kwanza,
Ochieng'