Yamini ya Mbata

Ushongo, Pangani
3 Machi 1956

Mpendwa shemeji yangu Miraji,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa, wewe na mkeo Sabiha. Hamjambo? Kifua chako kimepoa? Mimi mzima, bado napanda mnazi mwenyewe, vijana wananitazama tu. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu.

Najua dada yako Semeni ameshakupa habari za upande wake. Sasa sikia zangu.

Wakumbuka ule mwaka mwenye ghala la Pangani aliponusa mbata zangu mbele za watu, akasema zanuka moshi. Mbata zangu! Nazi safi, zimeanikwa juani kama nguo za Idi. Nikasimama barazani, Ushongo nzima ikasusa, hapana nazi hata moja kwenda kwake. Na mimi mkubwa wao nikala yamini: nazi yangu ikiingia ghala lile, Semeni hana ndoa kwangu.

Huu mwaka wa sita. Yule bwana hakufa njaa. Anachukua mbata za Kipumbwi, na lori lake halipiti tena kwetu, basi hata sabuni na mafuta ya taa hatuyaoni. Nazi zimeota uani mpaka pamekuwa msitu. Vijana wamekwenda Muheza kukata katani. Waliobaki wameuza kwa siri mmoja mmoja, waoga wale. Nimebaki kususa peke yangu.

Desemba Semeni akajitwika kikapu cha nazi, akaenda, akarudi na sabuni. Akaniambia, "Nazi yako imeingia, nami nimetoka." Akahamia chumba cha uani, akaanza eda. Miaka arobaini ya ndoa! Chakula ananipitishia dirishani, na ananiita Mzee Zubeiri, kama mpita njia.

Eda imebaki siku tisa. Mwalimu wa msikitini asema neno la kumrejea ni moja tu. Nalijua! Lakini nikilisema, nimekubali kwamba nazi zangu zimeingia kule. Mwandikie upesi, umwambie zile zilitoka katika minazi miwili ya mahari yake, si yangu, basi talaka hakuna. Yeye ashikilia kuwa ni za mnazi wa mlangoni, na kwamba nilimwangulia mwenyewe.

Msalimie Sabiha na mzee Rafaeli jirani yenu. Mungu awape riziki isiyo na ugomvi. Salamu za hapa ni zangu tu. Semeni asema zake atakuletea mwenyewe.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Zubeiri bin Jumbe